Dar hadi Cape Town na kurudi kwa nchi kavu: mwongozo kamili wa miezi mitano kwa mfuko mdogo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni nilikuwa na kiasi gani. Nilikuwa na dola 3,000 kwa siku 150, na nyingine 400 nilizojiwekea mwiko wa kuzigusa. Lakini hesabu iliyonifikisha ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari langu kabla sijanunua hata tiketi: siku ya kuhama dola 45, siku ya kukaa dola 12. Siku ya kuhama una nauli, una teksi ya kutoka stendi usiku, una soda na chipsi za njiani, halafu unachukua kitanda cha kwanza kitakachojitokeza kwa kuwa umechoka na huna nguvu za kupatana. Siku ya kukaa hema limeshasimama, muuza nyanya anakujua, unga upo.

Nilihama mara 23. Zidisha utapata dola 1,035 za kuhama, na 1,524 za siku 127 za kukaa. Zile 441 zilizosalia zilikwenda kwenye viingilio, dawa na ujinga wangu. Nimekutana na vijana walioishiwa wiki ya sita, na ukiwahoji walikuwa wabahili kweli: gesti za chee, mihogo ya kuchoma. Tatizo lao ni kwamba kila baada ya siku mbili walikuwa kwenye basi.

Hatua ya 1: Acha pasipoti ichore ramani

Watu huanza na orodha ya nchi wanazozitamani, kisha ndipo wanakutana na viza. Geuza. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Msumbiji, Lesotho na Afrika Kusini unaingia kwa matembezi bila viza. Hiyo peke yake ni dola ambazo Mzungu mwenye begi kubwa kuliko lako analipa kwenye baadhi ya mipaka na wewe hulipi. Mkenya naye tangu Januari 2023 anaingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda orodha zao ni tofauti, kwa hiyo kila mmoja aulizie nchi moja moja ubalozini kabla ya kukata tiketi.

Pasipoti yenyewe kwa Tanzania inaombwa kwenye mtandao wa Uhamiaji ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), ada ni shilingi 150,000, na inadumu miaka 10. Hakikisha imebaki na zaidi ya miezi sita na kurasa tupu za kutosha. Njia hii peke yake itakugongea mihuri isiyopungua 14, na kuna maofisa wanaopenda kugonga katikati ya ukurasa kama vile pasipoti ni yao.

Kisha kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, na tangu Julai 2016 cheti chake kinatambulika maisha yote. Ila kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchoma, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Ichome kwenye kituo cha serikali. Kadi za kununua vichochoroni zipo, na maofisa wa afya mpakani wamezizoea kuliko wewe.

Hatua ya 2: Panga mzunguko kwa majira, na nchi rahisi iwe mwisho

Niliondoka mwishoni mwa Aprili. Sababu ni maji: maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo wengi tumeyasoma shuleni kama Victoria, hujaa Aprili na Mei. Ukifika Oktoba upande wa Zambia unaweza kukuta sehemu kubwa ni mwamba mkavu. Juni na Julai nilikuwa Namibia, ukame mtupu lakini usiku baridi inakata. Agosti nikaingia Cape Town, ambako kule mvua ni za kipupwe, Juni hadi Agosti, na vitanda vina nafasi. Desemba usithubutu, bei ni za watu wenye likizo. Septemba nikarudi kupitia Zimbabwe na Malawi kabla ya joto la Oktoba na mvua za Novemba.

Malawi niliiweka mwisho kwa makusudi. Mwisho wa safari ndipo mfuko umelegea na mwili umechoka, na pale Nkhata Bay hela ya siku moja ya Windhoek, Namibia, nilikuwa naila siku tatu. Ukiipanga Malawi mwanzo na Botswana mwisho, utamalizia safari kwa kukopa.

Hatua ya 3: Fedha

Gawa fungu lako sehemu tatu. Kubwa likae benki, kwenye akaunti mbili za benki mbili tofauti, kila moja na kadi yake ya Visa au Mastercard. Waarifu kabla ya kuondoka kwamba utakuwa nje, la sivyo kadi inafungwa siku ya kwanza unayoitumia Lusaka. Toa kiasi kikubwa mara chache, maana makato mengi ni ya kila muamala. Na mashine ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa shilingi au kwa fedha ya pale, chagua ya pale. Ile ya shilingi inaonekana ya kirafiki, lakini kiwango cha kubadilisha kimepangwa na wao.

Sehemu ya pili ni dola taslimu, mimi nilibeba 500. Zimbabwe ndipo zinapofanya kazi: wana fedha yao, ZiG, tangu Aprili 2024, lakini dola ya Marekani ndiyo inayozunguka mkononi. Beba noti za dola 1 na 5 kwa wingi. Ukitoa 20 kununua maji, chenji utaletewa kwa peremende, kalamu, au utaambiwa usubiri. Noti zilizochanika, zilizochorwa au za matoleo ya zamani zirudishe benki ungali Dar.

Kwa ajili ya dola hizi nilimwendea fundi cherehani wa mtaani anishonee mfuko ndani ya suruali, upande wa mbele chini ya mkanda, wenye kifungo. Alinitoza kidogo sana na akacheka kweli. Mikanda ya fedha ya dukani kila kibaka anaijua.

Sehemu ya tatu ni hela ya leo, kwenye pochi ya kawaida, ile ambayo ukiporwa unasikitika na kuendelea na safari.

M-Pesa na Airtel Money za nyumbani usizitegemee kwa malipo ya dukani ukishavuka. Baki na laini yako ya Tanzania kwenye simu kwa ajili ya ujumbe wa benki, kisha kila nchi nunua laini ya pale kwa pasipoti, dukani, siyo kwa kijana wa stendi anayeuza iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Hatua ya 4: Begi

Lita 45, basta. Ulazimike kuliweka mapajani kwenye hiace. Hema la mtu mmoja au wawili ndilo kifaa kilichonirudishia fedha yake haraka kuliko kingine chochote: kusini mwa Afrika karibu kila mji wa watalii una kiwanja cha kupiga kambi, mara nyingi ndani ya hosteli ileile yenye vitanda vya bei mara mbili, na unatumia bafu lilelile na jiko lilelile. Mfuko wa kulalia uwe wa baridi kweli. Mtu wa pwani haamini mpaka aamke Windhoek Julai akute umande umeganda juu ya hema.

Khanga moja hata kama wewe ni mwanaume: ni taulo, shuka, pazia la kitanda cha hosteli na kitu cha kujifunika kwenye basi lenye kiyoyozi cha kugandisha. Neti, dawa za malaria baada ya kuongea na daktari, sufuria moja, kisu, tochi ya kichwani. Jeans acha nyumbani, haikauki.

Hatua ya 5: Kuondoka Dar

Kama TAZARA inatembea, panda TAZARA. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na kuna vipindi huduma ya abiria husimama, kwa hiyo usipange kwa kusikia. Nenda stesheni Barabara ya Nyerere ukaulize dirishani. Daraja la kwanza ni vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, na wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti isipokuwa mmekodi chumba kizima. La pili linatosha kabisa.

Kwa ratiba ni kama siku mbili. Beba chakula cha siku tatu. Kuna behewa la chakula, lakini maji ya kunywa chukua ya kwako, lita sita angalau. Mchana wa kwanza treni inakatiza ndani ya hifadhi ya Nyerere na utaona twiga bila kulipa kiingilio. Baada ya Mlimba inaanza kupanda kuelekea Makambako, mahandaki moja baada ya jingine, madaraja juu ya mabonde, na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wazima husimama dirishani kama watoto. Mimi nililala nikaikosa wakati wa kwenda, najuta hadi leo.

Treni isipokuwepo, basi hadi Tunduma, vuka kwa miguu, kisha basi la Zambia kutoka Nakonde hadi Lusaka, kama kilomita 1,000. Usiunganishe moja kwa moja. Lala Mbeya au Tunduma, vuka asubuhi ukiwa na akili.

Na saa: ukivuka tu saa inarudi nyuma kwa saa moja, tena kule hakuna anayehesabu saa kwa Kiswahili. "Saa mbili" yako ni nane yao. Tiketi ya 07:00 ni saa moja asubuhi ya pale, ambayo kwenye simu isiyobadilishwa ni saa mbili ya nyumbani. Nilimwona mama mmoja wa Songea akikaa stendi na mizigo yake saa sita nzima mapema.

Hatua ya 6: Mpakani

Hapa ndipo safari zinapoharibika, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza wabadilishaji. Watakuvamia na mabunda mkononi. Mchezo wao ni wa aina tatu. Kikokotoo kilichochezewa. Noti zilizokunjwa katikati ili moja ihesabike mara mbili. Na noti za zamani: Zambia ilifuta sufuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, na mgeni asiyejua anaweza kubambikwa karatasi ambayo haina thamani tena. Dawa yake: jua kiwango cha siku kabla hujafika, piga hesabu kwa simu yako, badilisha hela ya nauli na chakula cha siku moja tu, pokea yao kwanza, ihesabu kwa kukunjua noti moja moja, na ukishahesabu isirudi mkononi mwao kwa sababu yoyote. Akisema "lete niongeze kidogo", hapo ndipo zinapungua. Pale Nakonde Kiswahili kinakwenda vizuri tu, lakini kisikulainishe moyo, na wao wanaijua kazi yao.

Pili, dirisha la uhamiaji. Kijana wa Afrika Mashariki mwenye begi mgongoni, hasa akielekea Afrika Kusini, anadhaniwa anakwenda kutafuta kazi. Usinune, ndiyo hali. Kuwa na vitu vinne vimechapwa kwenye karatasi: uthibitisho wa kitanda cha siku chache za kwanza, taarifa ya benki ya miezi mitatu, ratiba ya safari ya ukurasa mmoja yenye tarehe ya kutoka, na barua ya kazini au ya chuo kama unayo. Vaa shati safi. Jibu unachoulizwa, basi.

Tatu, na hili lilinigharimu: usiseme "napita". Kwenye mpaka mmoja nilimwambia ofisa kwamba napita naelekea mbele, nikidhani namrahisishia. Akagonga muhuri, akaandika namba ndani kwa kalamu, nikashukuru nikaondoka. Siku ya nne, nimekaa jikoni hosteli nasubiri wali uive, Mghana mmoja anayejua mambo akaniomba aone mihuri yangu. "Kaka, wamekupa siku saba." Wapitaji hupewa siku za kupita. Nikapoteza siku mbili na nauli kwenda mji mkuu kuomba ziongezwe. Sema unakuja kutembea, taja idadi ya siku unazotaka, na usome muhuri ungali umesimama dirishani.

Kuzidisha siku usijaribu. Afrika Kusini ukikutwa umezidisha zaidi ya siku 30 unaweza kufungiwa mlango hadi miaka mitano.

Botswana wana jambo lao. Wanaogopa ugonjwa wa midomo na miguu kwa ng'ombe wao, kwa hiyo utakanyaga zulia lenye dawa, na viatu vya ziada ndani ya begi vitatolewa vikanyagishwe pia. Nyama na maziwa kula kabla hujafika. Kama unatokea Livingstone, Zambia, utavuka kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 mahali palipokuwa na pantoni. Lina mita 923 na limepinda makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Mimi niliingia Botswana siku tatu tu kuona tembo wa Chobe pale Kasane, nikarudi Zambia. Ni nchi nzuri, ila si ya mfuko huu.

Hatua ya 7: Kukaa

Kanuni yangu ilikuwa wiki moja kwa uchache, na katika sehemu nne nilikaa wiki mbili na zaidi: Livingstone, Swakopmund ya Namibia, Cape Town na Nkhata Bay. Bei ya wiki haiandikwi ukutani. Fika, lipa usiku mmoja, saidia kuosha vyombo, kesho yake mwone meneja mchana akiwa ametulia: "Nataka siku kumi, nalipa zote leo taslimu, unanifanyia ngapi?" Karibu kila mara ilishuka.

Kuna hosteli hubadilishana kitanda kwa saa chache za kazi, na mitandao kama Workaway na Worldpackers huunganisha watu hivyo. Mimi nina wasiwasi nayo. Muhuri wa utalii hauruhusu kazi, na nchi nyingine huhesabu hata kazi ya kulipwa kwa kitanda. Uliza sheria ya nchi husika kabla hujashika ufagio.

Chakula pika. Ugali utakufuata njia nzima kwa majina: nshima Zambia, pap Afrika Kusini, sadza Zimbabwe, nsima Malawi. Kapenta utakaoukuta sokoni Livingstone ni dagaa wa kwetu wa Ziwa Tanganyika, waliopandikizwa Kariba miaka ya 1960. Wakaange na nyanya na pilipili, na jiko zima la hosteli litakuja na sahani.

Viingilio: hapa Mtanzania ana karata ambayo wengi hawaichezi. Hifadhi za Zimbabwe na za Afrika Kusini zina bei tatu: ya mwenyeji, ya raia wa SADC, na ya mgeni wa kimataifa. SADC ni jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Tanzania imo. Mhudumu akikuona mgeni anaweza kukupigia ya kimataifa bila kuuliza. Toa pasipoti kwanza ndipo useme "SADC". Mkenya, samahani, hii haikuhusu.

Namibia ina shida yake: miji imetengana mno na kwenye machuguu ya mchanga ya Sossusvlei hakuna usafiri wa umma. Ubao wa matangazo wa hosteli ya Windhoek ndio dawa. Tulichanga watu wanne tukakodi gari siku tatu. Dola ya Namibia ni sawa na randi, na randi inapokelewa Namibia, lakini ukivuka Noordoewer kuingia Afrika Kusini dola zako za Namibia zinageuka karatasi. Zimalize kwa mafuta na mkate upande wa huku.

Hatua ya 8: Kurudi

Kutoka Cape Town hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,400. Chukua basi la usiku la kampuni yenye ofisi, kata tiketi mapema mtandaoni. Ukifika Johannesburg fika mchana, na uwe na mtu au teksi ya programu ya kukupokea. Kisha mpaka wa Beitbridge, Harare, halafu kupitia Tete, Msumbiji, hadi Blantyre. Siku ya Tete ni ndefu, joto na ya mipaka miwili, na unagongwa muhuri wa Msumbiji hata kama unapita saa chache.

Malawi pumzika. Ile akiba ya dola 400 bado ipo mfukoni? Basi umefaulu. Nkhata Bay nilikaa siku 19, nikiogelea Ziwa Nyasa kila asubuhi. Kutoka hapo ni Mzuzu, Karonga, halafu daraja la Songwe. Kwacha za Malawi zibadilishe palepale mpakani, maana Mbeya hutapata wa kuzitaka. Upande wa Kasumulu kuna mama lishe wa wali na maharage. Rudisha saa mbele kwanza, usije ukakosa basi la Mbeya huku sahani iko mkononi.

Jambo moja la mwisho kwa walioogelea: Ziwa Nyasa lina kichocho, na vipimo vya mapema vinaweza visione kitu. Hesabu kama wiki nane tangu siku ya mwisho uliyoingia majini, ndipo uende hospitali ukapime.